Alaimenti njia ya Fuoni: gari imetulia kwenye kona, ila nenda na subira yako

Wale mnaoniuliza gari yangu Toyota Altezza nimeipeleka wapi mpaka ikatulia vile, jibu ni gereji moja njia ya Fuoni, ukishaipita Mwanakwerekwe, haina kibao wala rangi ya kuvutia, watu wanaiita tu kwa fundi wa alaimenti na ukimuuliza bodaboda yoyote wa pale atakupeleka. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nlomnyima ntaieleza huko chini maana kuna mambo yaloniudhi. Ila kwa kazi yenyewe, yani kazi ya miguu ya gari na kuipanga mipira (matairi) ikae inavotakiwa, hapa Unguja sijaona anomfikia, na nshazunguka.

Gari yangu ni Altezza ile ya silinda sita, injini ya 1G, mipira 215/45 ringi 17. Nakaa mjini kazi iko Paje, kwa iyo njia ile ya Tunguu, Bungi, Jozani mpaka Paje naijua hata nikifumba macho. Lami nzuri, kona si nyingi ila zipo, na ukitaka kujua gari yako inalala vipi basi pita pale na mvua ya masika. Yangu ilikuwa na mambo matatu. Sukani imelala, yani gari inakwenda sawa lakini sukani imepinda. Ukiiachia kidogo inavuta kushoto. Na kona za mkono wa kulia khasa, unakata sukani lakini pua inakwenda zake nje, unaongeza kukata haisikii, halafu ukigusa breki kidogo mule ndani ya kona nyuma nako kunacheza. Za kushoto afadhali. Na mpira wa mbele wa kulia ushaanza kuliwa ukingo wa ndani, ukipitisha mkono unahisi meno meno kama msumeno.

Kabla ya huyu fundi nlipeleka pengine hapa mjini, jina halina haja. Pale pazuri, pana kiyoyozi, mashine mpya inang'ara. Wakaipandisha, wakageuza tairodi mbili za mbele, yani zile rodi zinosukuma mipira ukikata sukani, wakanipa karatasi ya vipimo kijani tupu kutoka juu mpaka chini, yani vyote viko sawa, haya lipa nenda. Siku chache sukani ikalala tena. Nikarudi, nikaambiwa mashine haisemi uongo. Ni kweli mashine haikusema uongo, ilopima ni sawa na ilivokuwa dakika ile, ila hakuna alotizama kama vitu vyenyewe vinavopimwa vimekaza ama vinacheza. Tairodi endi ya kulia, kile kiungo cha mwisho wa rodi, ilikuwa imekufa, sasa ukiipanga leo kesho ishahama, utapiga alaimenti mpaka uchoke.

Sasa huyu wa njia ya Fuoni, mtu mzima, Mpemba wa Wete, wewe unafika unamwambia fundi nataka alaimenti, yeye hata mashine haitizami. Anakuuliza inakufanya nini. Nkamwambia kwenye kona haikamati. Akaniuliza, haikamati ukiwa unaingia, ukiwa katikati, ama ukiwa unatoka? Mie nkabaki natizama, hakuna fundi aloniuliza hivo katika maisha yangu. Akanieleza taratibu huku anapangusa mikono kwamba hizo ni habari tatu mbali mbali. Gari inochelewa kuitika pale unapoanza tu kukata sukani, utafute kwenye tou, yani vidole vya mipira vimetizama ndani ama nje, na kwenye shokapu zilizochoka. Ikiwa imeshalala kwenye kona na imetulia lakini pua ndo inateleza, hapo utizame kemba, yani mpira kwa juu umelala ndani ama nje, springi, stabilaiza na mipira. Na ikiwa ukikanyaga mafuta kutoka ndo inaharibika, katizame nyuma. Nkamwambia mie zote, akacheka akasema basi tuanze chini.

Chini kweli, akaanza na mipira. Kainama na tochi kasoma zile namba nne za mwisho za DOT ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ya mbele kwa umri ilikuwa mizuri, ya nyuma ilisoma 3115, maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2015, mtumba wa Japani uliokuja na meno mazuri kabisa ukiutizama kwa macho unasema mpya. Kanambia haya meno yasikudanganye, raba ikizeeka inakuwa ngumu, na raba ngumu haikamati lami hata uipange kwa leza ya mbinguni. Ndo maana nyuma inacheza ukigusa breki. Yani kwa kauli yake pesa ya kwanza ya mtu anotaka gari ikamate kona iende kwenye mipira, ya pili kwenye shokapu na bushi (zile raba za kwenye maungio), na alaimenti ndo ya mwisho, ingawa ndo anayoiuza yeye. Mie fundi anonambia usininunue mie kwanza namuamini.

Upepo nao kaupima, kila mpira kivyake. Mbele kushoto paundi 26, kulia 34, nyuma sitaki kusema. Kibandiko cha mlangoni kinoonesha upepo ukae ngapi kipo na hakuna anokisoma. Kasisitiza upepo upimwe mipira ikiwa baridi, sio umetoka Paje jua la saa saba mipira inachemka ndo unapima, maana ukipata moto upepo unapanda na wewe ukiupunguza hapo basi asubuhi uko chini. Na mpira wenye upepo mdogo unajikunja ubavu kwenye kona, sukani inakuwa zito na gari inachelewa kuitika, watu wanadhani ni alaimenti kumbe ni upepo tu.

Halafu akaipandisha gari juu akachukua mtaimbo. Hapa ndo raha yenyewe, nlisimama chini yake kanionesha kimoja kimoja. Tairodi endi ya kulia inacheza, ukiushika mpira kushoto na kulia ukautikisa unasikia kabisa. Bolijointi ya chini ya kushoto, kile kiungo cha duara kinoushika mguu wa mpira, ina uwazi kidogo, na hiyo kwenye Altezza si ya kuchezea, ikikatika mpira unalala ubavu na gari inakaa chini, wenye gari hizi waitizame kila mnapopandisha juu. Linki za stabilaiza zote mbili za mbele zimekwisha, zile ndo zilokuwa zinagonga ngo ngo ngo kwenye matuta ya Jozani, na mie nshazoea nadhani ni shokapu. Stabilaiza kazi yake kuizuia bodi isilale upande mmoja ukikata kona, sasa kama linki zake zinacheza basi mpaka ianze kufanya kazi bodi ishalala. Ni kitu rahisi bei yake na watu wengi tunakipuuza. Shokapu za mbele kumbe nzima, za nyuma moja inavuja mafuta. Yeye hakubali ile ya kukandamiza gari na mkono halafu ukahesabu inaruka mara ngapi, anasema hiyo itakuonesha iliokufa kabisa tu, ilochoka nusu haioneshi.

Nlitoka pale na orodha na sikulipa kitu. Kanambia nenda kanunue, ukirudi navyo tutapanga. Vyengine nlipata hapa mjini, bolijointi na shokapu za nyuma za KYB niliagiza Kariakoo zikaja na boti.

Na hapa kuna jambo la kwetu visiwani ambalo mafundi wa Youtube hawalijui. Altezza ina wishiboni mbili mbele na nyuma, yani kila mpira umeshikwa na mikono ya juu na ya chini, na kwenye mikono ya chini kuna boliti za ekisentriki, yani boliti ina kijisahani kilokaa upande, ukiigeuza mkono unasogea ndani ama nje, hapo ndo unapanga kemba na kasta (mguu wa mpira umeegemea mbele ama nyuma ukiutizama ubavuni). Raha sana kwenye karatasi. Ila gari ikikaa pwani miaka, chumvi ya bahari na vumbi la fusi vinaingia mule, boliti inashikana na bomba la ndani ya bushi, haigeuki mbele wala nyuma, ukilazimisha unaikata ama unairarua bushi. Kwa iyo kuna mafundi wanokwambia hii kemba yake haipangiki, wakageuza tairodi tu, na usiwalaumu sana, saa nzima ya kuhangaika na boliti moja nani atailipa. Huyu kanambia niilete jioni, akapiga dawa ya kutu kwenye boliti zote, akaiacha ilale, asubuhi akapiga tena. Moja ya nyuma ilikataa kabisa ikabidi aikate na msumeno na kuweka mpya na bushi yake. Zote alipozirudisha kazipaka grisi ya shaba ili siku nyengine zisisumbue. Hilo peke yake kwangu lina thamani ya nyota mbili.

Mashine yake si mpya. Ni ile ya kamera mbele na vibao vinne vinobanwa kwenye ringi, kompyuta yake ya zamani kioo kimefifia. Ila tizama anavoitumia. Kwanza tangi kalitaka lisiwe tupu, buti kalisafisha, kaniambia toa hilo jeki na yale madumu ya maji. Kaisukuma gari nyuma kidogo na mbele ili mashine ijue ringi kama zimepinda, kaitikisa mbele na nyuma springi zikae mahala pake, mipira ya mbele iko juu ya zile sahani zinozunguka, pini zimetolewa, breki imebanwa na rodi kwenye kiti. Halafu kageuza sukani kushoto na kulia kupima kasta. Wengi hii ya kasta wanairuka.

Namba zangu zilivokuwa kabla: kemba ya mbele kushoto nyuzi 0.4 kwa ndani, kulia 1.2 kwa ndani. Tou ya mbele jumla imefunguka nje milimita 4. Nyuma upande mmoja umetizama nje kidogo na mwengine ndani. Sasa ukiisoma hivo gari yote inajieleza. Gari inavuta upande ambao kemba yake haikuingia ndani sana, kwa iyo kushoto, na barabara zetu zimeinama kushoto ili maji yateremke na sie tunapita kushoto, basi inazidi. Ukikata kona ya kulia mpira unobeba mzigo ni wa kushoto, na bodi ikilala ule mpira nao unalala kwa nje, unabaki unakanyaga kwa ukingo. Kemba ya ndani ndo inokwenda kuufidia ule ulalo, mpira ukikandamizwa kwenye kona uwe umekaa chapa nzima juu ya lami. Wa kushoto wangu haukuwa na kitu cha kufidia, ndo pua ikenda zake. Kona ya kushoto mpira wa kulia una 1.2 yake, unakamata. Na tou iliofunguka nje ndo ilokula ukingo wa ndani na kuweka meno yale. Mie nlifurahi kama mtoto, si kwa kutengenezwa, kwa kuelewa.

Alivopanga: kemba mbele 1.2 kwa ndani pande zote mbili, nyuma 1.1. Kasta kazisawazisha kulia na kushoto, akasema hii ukiiacha mbali mbali gari inavuta kwenye upande wenye kasta ndogo hata kama vyengine vyote viko sawa. Tou mbele karibu na sufuri, kaiingiza ndani chembe tu. Nyuma kaingiza jumla milimita 2, na hapo hakutaka mjadala, anasema nyuma ikitizama nje gari inakuwa nyepesi mkia, dereva wa mashindano anaitaka labda, wewe una watoto nyuma. Na yote kapanga kwa kuanzia nyuma halafu ndo kaja mbele na kuifunga sukani katikati, kwa sababu gari inafuata ekseli ya nyuma ilikotizama, ukipanga mbele peke yake sukani italala tena.

Pembeni palikuwa na kijana na Mark II, kaishusha mpaka ringi zinaingia kwenye bodi, springi kakata na grainda. Yeye anataka kemba nyuzi 3 na zaidi kwa sababu kaona picha. Fundi hakumkasirikia, kamwambia kwenye uwanja wa mashindano nyuzi 2 mpaka 3 wanaweka na wana sababu, mipira yao laini, kona haziishi, na mpira wakiumaliza mchana mmoja hawajali. Wewe muda mwingi unakwenda moja kwa moja mjini na Mbweni, mpira utakanyaga kwa ukingo wa ndani tu, utaula miezi michache, na ukifunga breki za dharura kuna nusu ya mpira chini. Halafu kamwambia la springi, kwamba springi iliokatwa inakuwa ngumu lakini shokapu ni ile ile na nafasi ya kufanya kazi haina tena, kila tuta unapiga raba ya mwisho, ile inozuia mguu usipande zaidi, na gari ikipiga raba ya mwisho katikati ya kona mshiko wote unaondoka mara moja. Kijana kasema ntafikiria. Hatofikiria yule.

Kitu chengine ambacho nlikuwa sijakiona kwa fundi mwengine yoyote: boliti za mikono yenye bushi za raba hazikazi gari ikiwa juu imening'inia. Anazishika tu, anaiteremsha ikakaa kwa miguu yake, anaitikisa, ndo anakaza. Sababu yake bushi ya raba inajipinda, ukiikaza ikiwa imening'inia basi gari ikikaa chini bushi ishajisokota muda wote, inakufa haraka na gari inakaa juu kuliko kipimo chake, na alaimenti uliopima inahama. Kwa iyo kama umebadilisha bushi na gari ikaanza kulia lia baada ya muda mfupi, muulize fundi wako alikaza ikiwa wapi.

Haya, matokeo. Nlivotoka tu pale nkajua, sukani imesimama, nimeiachia kidogo kwenye mstari inakwenda. Ila ya kweli ni njia ya Paje. Nlipita na mvua imetoka kunyesha, miembe ya Bi Khole pale Bungi majani yameanguka barabarani, mahala ambapo mie huwa napunguza na bado gari inanitisha. Ukikata sukani inaitika hapo hapo, sio unakata halafu unasubiri jibu. Katikati ya kona imekaa, huhitaji kuongeza wala kupunguza. Kona za kulia na za kushoto sasa ni mamoja, hilo ndo nlolihisi zaidi. Nyuma imetulia, ila nyuma nasema wazi kwamba sehemu kubwa ni mipira mipya na shokapu, sio mashine. Na Jozani kwenye matuta ya kuwalinda kima punju, ile ngo ngo ngo hakuna. Kilichozidi ubaya kidogo ni kwamba sukani imekuwa nzito zaidi ukiegesha, na inahisi zaidi michirizi ya barabara, kuna sehemu lami imekwenda mistari ya magari makubwa unaona inataka kufuata. Mie nakubali, wengine huenda wasipende. Na sisemi ukishapanga hivi uende mbio. Barabara zetu kuna gari ya ng'ombe haina taa, kuna watoto wa skuli, kuna mtalii na vespa aliojifunza kuendesha jana. Mshiko mie nautaka kwa siku ile ambayo mtu katoka ghafla na inabidi nikwepe.

Fundi kanambia kama nataka kujua zaidi upepo ukae ngapi kwa uendeshaji wangu, nichore mstari wa chaki kwenye bega la mpira pale meno yanapomalizikia, niende njia yangu ya kawaida halafu nitizame chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika mpaka kuingia ubavuni upepo mdogo, ikibaki juu ya bega haijaguswa upepo mwingi. Nimefanya, mbele nkaongeza paundi 2 juu ya kibandiko na ndo pakawa pahala pake. Chaki ya mia mbili.

Sasa kero, maana sitaki mtu aje kunitia makosani. Foleni hakuna, yani hakuna utaratibu wa foleni, anokuja na kelele anatangulia. Mtu wa noa, mtu wa daladala, huyo ana haraka huyo ana abiria, mie nlokaa kimya nkasogezwa mpaka baada ya adhuhuri. Pa kukaa ni benchi moja na nusu yake jua. Umeme ulikatika gari iko juu ya mashine na jenereta hana, tukakaa. Printa haina wino, namba zako unazipiga picha kwenye kioo na kile kioo chenyewe unajua. Bei haijaandikwa popote, ukifika na gari linong'ara nahisi na bei inang'ara. Mie alaimenti ya magurudumu manne kanichaji 50,000 na kazi ya kufungua na kubadilisha vitu mbali, sikuona kubwa kwa muda alotumia lakini uliza kabla. Na vijana wake, hapa ndo nyota ilipodondoka, mmoja anakaza nati za mipira kwa bunduki ya upepo mpaka inalia, akiulizwa anasema ndo zisifunguke. Nati za Toyota hizi kipimo chake ni nyutoni mita 103 kwa spana ya kipimo, ukizidisha hivo unazivuta stadi (boliti zinoshika ringi) na diski ya breki inaweza kupinda, na siku umepata pancha usiku Kitogani hutozifungua na spana ya kwenye buti. Nlimwambia fundi mwenyewe, kazilegeza zote akakaza upya na spana yake, akamgombeza kijana. Lakini kama nisingetizama? Mtizameni.

Wili balansi pia anafanya ila mashine yake hiyo siipendi, mie balansi napeleka pengine.

Nlimpelekea na Toyota IST ya dada yangu, kwa wale mtakaosema mambo haya ni ya magari ya vijana. Ile dada kaiinua kwa spesa za springi ili ipite njia ya fusi ya kwao, gari imepanda vizuri tu lakini hakuna alomwambia kwamba ukiinua ama ukishusha gari tou na kemba zote zinahama na lazima ipangwe upya. Sukani ilikuwa inayumba yumba kwenye lami, kona anaingia kwa bismillahi. Fundi kasema wazi kabla ya kuipandisha kwamba IST nyuma ni boriti moja haina pa kupanga, mbele kutoka kiwandani inapangika tou tu. Kemba ukiitaka kuna boliti za Toyota zenyewe za kuunganisha shokapu na mguu, nyembamba kidogo katikati, kichwani zina nukta moja, mbili ama tatu, kila nukta inaongeza dakika 15, yani robo ya nyuzi. Kemba za dada zilikaribiana kwa hiyo hakumuuzia boliti, kapanga tou, kainyoosha sukani, kachukua 25,000. Dada kasema gari imekuwa nyepesi. Kasema pia fundi anaongea sana, na hilo ni kweli.

Ukenda, nenda asubuhi mapema siku za katikati ya wiki, Ijumaa anafunga kabla ya sala na mara nyingi harudi. Tangi nusu, buti tupu, mipira yenye upepo wa kibandiko. Kama gari imekaa pwani piga dawa ya kutu mwenyewe jana yake utaokoa muda na pengine pesa. Malipo anapokea kwa simu pia. Na ukifika mwambie gari inakufanya nini na inakufanya wakati gani, usimwambie nipangie kemba kadhaa, atakuelekeza kwa yule wa kiyoyozi.